Ngolo za Kilima cha Shule

Shule ile ya kilimani imetimiza miaka mingi na wameitengenezea kitabu. Ni kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Ndani kuna picha za wakuu wa shule wote, kuanzia mapadri wenye ndevu hadi wa leo mwenye tai. Nimekisoma chote. Mimi si mtu wa kusoma haraka. Kilinichukua wiki mbili, nikifuata mistari kwa kidole. Kwenye habari za miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wameandika kwamba mwaka mmoja shule ilifungwa kwa muda, kwa sababu mvua kubwa ilichafua chanzo cha maji. Basi, imeisha. Mstari unaofuata ni habari za maabara.

Si kweli. Mvua ya mwaka ule ilikuwa mvua kama ya miaka mingine. Kilichochafua maji nilikiona kinakuja tangu mapema, nikanyamaza. Na mle shuleni, kidato cha sita, alikuwemo binti yangu wa mwisho akisubiri mtihani wake. Nitaeleza ilivyokuwa, wala sitajipamba.

Mimi si mtu wa milimani. Nilizaliwa Ngumbo, ziwani, kwenye mihogo na dagaa, na kanisa letu lilikuwa la Anglikana. Nikaolewa huku juu kwa Wamatengo, watu wa kahawa, Wakatoliki. Siku ya tatu ya ndoa mama mkwe alinipa jembe akanionyesha mteremko. Kwetu mteremko kama ule hata mbuzi ungemfunga kwa kamba mbili. Akasema, "Lima." Nikalima kama tulivyolima kwetu, nikivuta udongo popote ulipokuja. Alinitazama muda mrefu, mikono nyuma, kisha akawaita wifi zangu.

"Njooni muone," akasema. "Samaki analima."

Walinicheka mpaka wakakaa chini. Jina hilo la samaki nilikaa nalo miaka.

Lakini alinifundisha. Huku mlimani wanalima ngolo, yaani mashimo. Mvua zinapoelekea kuisha, wanaume wanafyeka nyasi, wanaziacha zinyauke, halafu wanazilaza kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa miraba miraba. Hapo kazi ya mwanaume imekwisha. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Ukimaliza, unapata shimo katikati na tuta pande zote nne. Ukisimama ng'ambo, mlima unaonekana kama sega la asali. Juu ya matuta unapanda maharage, na mvua za mwaka unaofuata unapanda mahindi palepale. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake. Udongo hauendi popote. Mama mkwe alikuwa akisema shimo ni mtoto na tuta ni mgongo wa mama, ukimfunga vizuri haanguki. Mwanamume hafukii, na mwanamke halazi nyasi. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Shamba la shule lililimwa hivyo hivyo, tangu misheni. Mama mkwe alinieleza alivyobeba mawe ya msingi wa shule akiwa bado msichana mdogo. Jengo lilipokwisha, padri alikuwa na wavulana wengi wa kulisha na kilima kikali juu ya jengo. Wavulana waliweza kufyeka na kulaza nyasi, ila hapakuwa na mtu wa kufukia. Mvulana wa Kimatengo umwambie afukie? Afadhali umvalishe sketi. Padri akawaita akina mama. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba wavulana watafyeka, akina mama watafukia na kupanda maharage, maharage yawe ya akina mama, na mahindi yatakayofuata yawe ya shule. Hakuna kilichoandikwa. Mapadri waliondoka, serikali ikaichukua shule, vikaongezwa vidato vya tano na sita, wakuu wa shule wakaja na kuondoka, na kila mwaka mvua zilipoelekea kuisha sisi tulipanda kilimani na majembe yetu. Shule ile niliizoea kama jiko langu. Hata kusoma nimesomea pale. Kwetu niliishia darasa la pili, na kilichobaki nilimaliziwa na wanafunzi wa kilimani, kwenye kisomo cha watu wazima, jioni baada ya kazi. Walituita mama kwa heshima, halafu wakatugombeza kwa sababu ya herufi.

Ruksa ilipoingia, kwanza tulifurahi. Sabuni ilirudi dukani. Kanga zikawa za kuchagua, mitumba ikaja kwa marobota. Kisha wakaja wanunuzi wa kahawa, kila mmoja na mizani yake, na chama cha ushirika kikalegea mpaka ghala lake likabaki la popo. Halafu wanaume wakasikia Tunduru yametoka mawe ya thamani. Wakaiacha kahawa imeiva mitini, wakaenda. Mume wangu naye alikwenda. Alisema miezi miwili.

Katika miaka hiyo shule ya kilimani ikaanza kupokea wasichana kidato cha tano. Watoto wa wenzetu walipelekwa Iringa na wapi huko, ila binti yangu jina lake liliangukia hapahapa nyumbani. Aliingia na sanduku la bati la baba yake. Alitaka udaktari. Hakusema kama watoto wanavyosema, huyu alisema kama mtu anayekuambia kesho anakwenda mashineni kusaga. Jumapili baada ya misa nilipita kwenye ua wa shule nikampa karanga au mahindi ya kuchoma, naye alinieleza habari za moyo wa chura na ini la panya. Sikuelewa. Nilisimama tu nikamsikiliza.

Alipokuwa anakaribia kidato cha sita, alikuja mkuu wa shule mpya. Alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mwenye adabu, mchapakazi. Siwezi kumsema vibaya. Chakula kutoka serikalini kilikuwa kinafika nusu, na maneno ya siku hizo yalikuwa kila shule isimame yenyewe. Yeye akaona kilima kile chote, akaona akina mama wanavuna maharage yake, akaona hasara. Akatuita.

Tulikwenda wanawake tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kikundi baada ya mama mkwe kufariki. Walimu walikuwa wamekaa barazani.

"Shikamooni mama zangu," akasema.

"Marahaba, baba."

"Mama zangu, shamba hili ni la shule. Kuanzia sasa shule italima yenyewe, ipande yenyewe, ivune yenyewe. Msije tena na majembe."

Jirani yangu wa ng'ambo ya mto, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni, akasema, "Baba, sisi tuna makubaliano na shule hii tangu wewe hujazaliwa."

"Vizuri sana. Nionyesheni karatasi."

"Karatasi? Makubaliano yetu ni hii mikono."

"Sasa mama, mkaguzi akija nimwonyeshe mikono yenu?"

Walimu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani, kilikuwa kicheko cha watu waliokaa kivulini. Lakini mimi nilikuwa nimesimama juani na jembe nililorithi kwa mama mkwe, na mikono yangu nikaiona. Nikaificha ndani ya kanga. Tuliteremka.

Mwezi wa kumi na moja alileta vibarua kutoka nje, watu wa nchi tambarare. Wakasawazisha ngolo zote, zile zilizochimbwa na mikono ya mama mkwe na zilizochimbwa na yangu, wakapiga matuta marefu yaliyonyooka. Na kwa kuwa kulima ukiteremka ni rahisi kuliko kulima ukikata mteremko, wakayanyoosha kutoka juu hadi chini. Wakapanda mahindi na kutia mbolea ya dukani.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani, wote tisa, tukasimama njiani ng'ambo ya kilima tukatazama.

"Mungu wangu," akasema jirani yangu. "Amelisuka shamba twende kilioni."

Tulicheka, maana matuta yalifanana kweli na nywele zile za mistari inayokwenda moja kwa moja hadi kisogoni. Kisha yeye akaacha kucheka. Chini ya matuta yale, mistari yote ilikoishia, palikuwa na chemchemi ya shule. Mapadri waliijengea tangi la saruji na bomba linaloteremka hadi jikoni na mabwenini. Kijiji chetu kilichota maji upande wa pili wa mlima. Shule haikuwa na maji mengine.

"Dada," akaniambia. "Tumwambie. Mvua kubwa ya kwanza tu, udongo wote utaingia tangini."

Mwingine akasema, "Twende hata leo. Ni mtu mzima, atasikia."

Wote wakanitazama mimi.

Nilisema, "Aliyetaka karatasi, akasome karatasi."

Wakacheka tena. Ilikuwa kauli tamu mdomoni. Nilicheka na mimi. Kisha nikapita kwenye ua wa shule kama kawaida, binti yangu akaja mbio na kikombe cha bati mkononi, akapokea karanga zake, akaniambia walimu wanasema akiendelea hivi udaktari ataupata. Alikuwa anakunywa maji huku anaongea. Yalikuwa maji ya bomba lile. Nilimtazama anakunywa, nikamwambia asome kwa bidii, nikaenda nyumbani.

Mvua za mwanzo zilikuwa za upole na mahindi yakapendeza. Watu waliopita njiani walimsifu mkuu wa shule, na mimi ilinichoma. Niseme ukweli, kuna siku nilitazama mawingu nikitaka yafanye kazi yao. Baada ya Krismasi yakafanya. Mvua ilinyesha siku tatu, na ile mifereji katikati ya matuta ikawa mito. Udongo ukashuka mzito kama uji wa ulezi, ukavunja mfuniko wa tangi, ukalijaza. Wanafunzi walitoa tope, mvua nyingine ikalirudisha. Wakatoa tena, likarudi tena. Mwisho wakaacha, wakawa wanachota mtoni, chini ya mabanda ya nguruwe ya shule.

Mwezi wa pili wakaanza kuugua matumbo. Wawili, watano, bweni zima.

Binti yangu aliletwa nyumbani kwa machela. Walimbeba wenzake wanne wa darasani, wakaniamkia, wakamshusha kitandani, wakasimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Daktari alisema ni homa ya matumbo, akampa dawa, akasema apewe maji yaliyochemshwa na uji mwepesi, na asitembee.

Siku hizo hizo afisa afya wa wilaya alifunga shule. Habari ya kidato cha sita tuliletewa na mwalimu wa darasa lake. Alisimama uani hakutaka kukaa. Alisema maji yasipokuwa safi kabla ya Pasaka, kidato cha sita watahamishiwa shule nyingine mbali, wakafanyie mtihani huko. Nikamuuliza, na mgonjwa?

"Asiyeweza kusafiri, mama, atasubiri mwaka mwingine. Na mwaka mwingine nafasi sijui kama itakuwepo."

Binti alisikia. Kuta za nyumba yetu hazifichi neno. Nilipoingia na bakuli la uji, alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama," akasema. "Wewe umelima pale tangu sijazaliwa. Hukuona?"

Nikakoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogwa.

"Mvua ni ya Mungu," nikamwambia. "Kunywa."

Akanywa. Aliamini, kwa sababu mimi si mtu wa kudanganya, na yeye alilijua hilo.

Siku mbili baadaye mkuu wa shule alikuja nyumbani kwangu. Alikuja kwa miguu, suruali tope hadi magotini. Nilimpa kigoda. Jirani yangu wa ng'ambo ya mto alikuwa uani kwangu tunapukuchua mahindi, hakuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikaa. Aliangalia mikono yake, kisha akasema, "Nimekuja bila karatasi."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya siku hiyo kwa miezi. Nilikuwa nayo mengi, na makali. Lakini mlango wa chumba ulikuwa wazi, na binti yangu alikuwa amejiinua kwa kiwiko kitandani, ananitazama mimi. Hakuwa anamtazama mkuu wa shule.

"Sema unachotaka," nikamwambia.

"Nataka kilima kishike udongo kabla ya Pasaka. Nimeuliza kila mtu, wote wananiambia nikuulize wewe."

"Ngolo."

"Zinaanzaje?"

"Zinaanza na nyasi. Na nyasi ni kazi ya wanaume. Wanaume wako Tunduru wanatafuta mawe, na wavulana wako umewarudisha kwao."

"Mimi ni mwanaume, mama."

Jirani yangu akadakia, "Wa wapi vile, baba?"

"Singida."

"Huko kwenu mna milima?"

"Ipo, ila hatulimi juu yake."

"Haya basi, leo utalima."

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema. Ningemwambia, tuliona, tukanyamaza, na aliyenyamazisha ni mimi. Sikusema. Niliuliza tu ana nyengo ngapi za kufyekea.

Kesho yake alfajiri tulipanda, wanawake tisa, yeye na walimu wanaume sita. Shida ikaonekana mara moja. Nyasi hazikuwepo. Kilima chote kilikuwa mahindi, yamebeba, mabichi, wiki chache yakomae. Nikamwambia, hayo ndiyo nyasi zako. Yote yaliyo juu ya chemchemi yakatwe.

Alisimama na nyengo mkononi. Yale mahindi ndiyo yaliyokuwa yalishe shule itakapofunguliwa, na ndiyo aliyotaka kumwonyesha mkaguzi. Walimu wakatazamana. Mmoja akasema, "Mkuu, tungoje yakomae." Mkuu wa shule aliinama akakata bua la kwanza, la pili, akaendelea. Kuanzia hapo nilimheshimu.

Kulaza hakujua. Alilaza mabua yakiteremka na mlima, jirani yangu akayapiga teke. "Baba, unarudia twende kilioni! Kata mteremko, kata!" Yakawa yanalazwa na kuondolewa, walimu wanahangaika na mabua kama watoto wa chekechea, na wanawake wenye majembe wakisubiri wanaume wamalize. Jua likapanda. Mimi nikaona siku zinakwenda. Nikaweka jembe chini, nikaingia kulaza mabua mwenyewe.

Wenzangu wote wakanitazama. Mwanamke halazi. Nilijua wanachofikiri, na nilijua mama mkwe angesema nini. Nikalaza mstari mzima, nikasimama, nikamwambia mkuu wa shule, "Hivi." Kisha nikampa jembe langu. "Na wewe fukia."

Akafukia. Hakuna mwanamume wa Kimatengo ambaye angefanya vile mbele ya wanawake mwaka ule. Yeye hakujua kwamba ni aibu, na mimi sikumwambia. Kufikia jioni walimu wote walikuwa wanafukia, na jirani yangu analaza huku anasema akifika mbinguni na mama mkwe wangu akimkamata, atasema alitumwa na samaki.

Tulifanya siku kumi na moja. Wengine walisafisha tangi, wakatoa tope hadi saruji ikaonekana, wakatengeneza mfuniko. Siku ya nane ilinyesha mvua nzito. Tulikimbilia darasani tukasimama madirishani tukatazama. Kila shimo lilijaa, likatulia. Maji yaliyoingia kwenye chemchemi yalikuwa meupe. Mkuu wa shule alikaa kwenye dawati la mwanafunzi akafunika uso.

Afisa afya alikuja, akapima, akaruhusu kidato cha sita warudi. Siku ya kufungua, mkuu wa shule alitusimamisha mbele ya walimu na wanafunzi. Akasema bila mama hawa shule ingekufa. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikapigiwa makofi. Jirani yangu alinitazama kwa pembeni, nikaangalia mbele.

Binti yangu alipanda kilima kwenda kwenye mtihani kwa fimbo, akiegemea bega langu. Alikuwa mwepesi, ningeweza kumbeba. Alipumzika mara nne njiani. Mara ya nne alipumzika palepale kwenye ngolo mpya, akasema, "Mmefanya kazi, mama." Nikasema, "Amka, utachelewa."

Alifaulu. Alifaulu kwa daraja la tatu. Udaktari haukumpokea, ualimu ukampokea. Alifundisha Liparamba miaka mingi, baadaye akahamishiwa shule ile ile ya kilimani. Ni mwalimu mzuri, wanafunzi wanamwogopa na kumpenda. Sijui kama ni ugonjwa ule uliomnyima. Labda angepata daraja hilo hilo hata akiwa mzima. Hakuna awezaye kujua, na hiyo ndiyo sababu jambo hili halikutulia ndani yangu. Ningejua moja, hata likiwa baya, ningelibeba.

Basi walipoamua kuandika kitabu cha shule, yeye aliwekwa kwenye kamati. Alikuja kwangu na daftari. Nilikuwa nachambua maharage, ungo magotini.

"Mama, mwaka ule shule ilipofungwa. Niandike nini?"

Baba yake alikuwa ameshafariki, jirani yangu wa ng'ambo ya mto alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nimebaki na nani wa kumwogopa? Nikamwambia. Nikamwambia njia ile ya kutoka kanisani, nywele za twende kilioni, wote tisa tumesimama.

"Wote mliona?"

"Wote."

"Na hakuna aliyetaka kusema?"

"Wenzangu walitaka. Mimi niliwakataza."

"Siku hiyo hiyo ulinipa karanga," akasema.

Sikudhani angekumbuka.

Kisha akaniondolea ungo magotini, akachambua yeye, punje kwa punje, mpaka yakaisha. Akafungua daftari.

"Niandike wanawake wa kijiji, au niandike mama yangu?"

"Andika mama yako."

Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Kitabu kikatoka, nikasoma kwa kidole wiki mbili, nikakuta mvua kubwa. Nikamwita.

"Kamati imefuta?"

"Kamati haikuona, mama. Nimefuta mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mzee. Siku ya sherehe watu watakusalimia. Nilitaka wakusalimie vizuri."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza," akasema. "Mwaka ule."

Hilo lilikuwa la haki, nikalipokea. Tulikula, tukalala.

Asubuhi nilimwomba daftari la mistari na kalamu mbili. Nimeandika kwa mwezi mzima, kwa herufi nilizofundishwa kilimani kwao. Nimempa alipeleke maktaba ya shule, liwekwe karibu na kile kitabu cha kijani. Alisoma amesimama, mpaka mwisho, akafuta macho, akasema atafikiri.

Nimemwambia asifikiri. Apeleke.